Fomu ya Mama Yako Sikuifikisha

Malvern, Jumamosi mchana

Mwanangu Nomvula,

Salamu sikuandikii, maana umetoka hapa sasa hivi na geti bado linatikisika. Umesema unakwenda Yeoville kusukwa, utarudi kabla ya magharibi. Mimi nawajua wale mamama wa Kikongo. Wakianza kusimulia, kichwa kimoja kinameza mchana mzima. Kwa hiyo nina saa nne, labda tano, na nazihitaji zote, maana hii ni karatasi ya tatu. Mbili za mwanzo nimezichana kwa sababu zilianza kwa sifa zangu.

Naandika Kiswahili. Najua unakisoma polepole, na ukikutana na neno refu unasema, "Eish, Malume, nisomee," kama vile malume, huyu mjomba wako, ni mwalimu. Leo soma mwenyewe. Kiingereza changu ni cha kuombea petroli, na Kizulu changu ni cha kutaniana na watu wa spaza, vile viduka vya mtaani. Shule unajua niliiacha kabla ya darasa la saba, ingawa hapa Jules Street nimewaambia watu nilishika nafasi ya kwanza Tanga nzima, hata mkuu wa mkoa akaja kunipa saa ya mkononi. Ile saa niliinunua mwenyewe, mnadani.

Habari za sweta, za kufunga mlango, za wanaume wenye magari mazuri, sikuandikii. Mama yako amekwisha kuzisema mpaka umeziba masikio. Mimi nina jambo moja tu.

Kesho asubuhi unapanda basi kwenda Limpopo. Mkobani una barua mbili za kazi. Moja ni ya hospitali ya serikali: mshahara mdogo, wodi kubwa, kazi ya kudumu. Nyingine ni ya shirika la hisani linalowatembelea wagonjwa majumbani katika mji huo huo: mshahara umenenepa kidogo, kuna gari, mkataba wa miaka miwili. Jumatatu utatia sahihi moja. Jana jikoni, ukiwa unakata vitunguu, nilikuuliza utaisaini ipi. Ukanijibu bila hata kuinua kichwa:

"Malume, serikali ilipoteza maisha ya mama kwenye droo. Mimi siwapi ya kwangu."

Nami nikapiga meza nikasema, "Sharp! Hiyo ndiyo damu yetu!" Tukacheka. Wewe ukaendelea na vitunguu, mimi nikaenda kumwaga chai yangu nje.

Mwanangu, serikali haikuipoteza ile fomu. Haikuwafikia. Mimi ndiye niliyepewa kuipeleka, na sikuifikisha.

Nimeshaiandika. Nimesimama, nimekunywa maji, nimechungulia dirishani kama tayari unarudi, nimekaa tena. Sasa nikueleze ilivyokuwa. Nikianza kutia chumvi, nitajikata mwenyewe.

Unakumbuka mlipohamia huku kutoka Morogoro, wewe una miaka tisa, baba yako amerudi kwao baada ya miaka yote ile ya uhamishoni. Mama yako alikuja na cheti chake cha unesi kimefungwa kwenye kanga, na kwa sababu ya ndoa yake akapata kibali, akapata usajili, akapata kazi kwenye kliniki ya serikali. Mimi nilifuata miaka miwili baadaye kwa malori. Mimi sikuwa nimeoa mtu wa huku. Karatasi sikuwa nazo. Wewe ulikuwa ukiniuliza kwa nini malume hatembei barabara kubwa siku za Ijumaa, nami nikakwambia naogopa kuombwa sahihi na mashabiki wangu wa mpira. Nilikuwa naogopa polisi. Ijumaa ndiyo walikuwa wakisimama sana pale kwenye robot, zile taa za barabarani, kukagua vitabu vya vitambulisho vya watu.

Mama yako kwenye kliniki alikuwa sista wa kweli, na vile vibao vya mabegani. Lakini mshahara wa serikali, mwanangu, ulikuwa ukifika tarehe ishirini umekwisha kufa. Manesi wote walikuwa na biashara chini ya meza. Mmoja aliuza achari, mwingine vipodozi, mama yako aliuza sambusa. Ndizo zile tulizokuwa tukizifunga mimi na wewe jioni, wewe ukila nyama mbichi ukidhani sioni. Mgonjwa anapimwa shinikizo la damu, anaondoka na sambusa mbili. Wengine walifanya zamu ya pili hospitali za watu binafsi, wakirudi asubuhi wanasinzia na sindano mkononi. Mama yako hilo alikataa. Alisema afadhali sambusa, sambusa haiui mtu.

Kisha baba yako akaugua. Hospitali ikamweka siku sita, wakasema kitanda kinahitajika, mrudisheni nyumbani. Na nyumbani aliyekuja kumwosha, kumgeuza, kumpa dawa ya maumivu kwa saa yake, hakuwa mtu wa serikali. Walikuwa wanawake wawili wa lile shirika la mtaa wa nyuma, wa fulana za njano. Walikuja kila siku mpaka siku ya mwisho. Mmoja wao alikufundisha kumlisha uji kwa kijiko bila kumpalia. Hilo unalikumbuka kuliko mimi, na sitaki barua hii ikusahaulishe.

Baada ya msiba nilikwenda pale kwenye shirika nikasema nataka kuwafanyia kazi. Wakanipa gari la wagonjwa. Gari lenyewe lilikuwa la kubebea mkate zamani, harufu ya mkate haikutoka. Mshahara hapana, posho. Karatasi hawakuniuliza sana, kwa sababu mtu wa posho anahesabiwa ni wa kujitolea. Nyumbani niliwaambia nimekuwa mkurugenzi wa usafiri. Na ile hadithi ya mwanamke aliyejifungua ndani ya gari langu, nikavuka robot nyekundu kumi na moja na polisi wananipigia saluti, mtoto akaitwa Seif kwa heshima yangu? Alijifungua kweli. Robot zilikuwa mbili. Mtoto aliitwa Sipho.

Sasa fomu.

Shirika lilikuwa na makubaliano na serikali ya jimbo. Serikali inatoa ruzuku kidogo, shirika linawahudumia wagonjwa wale ambao kliniki haiwafikii, wale waliolala ghorofa za Doornfontein lifti imekufa. Lakini walihitaji sista mwenye usajili wa kugawa dawa kali, na hawakuwa naye. Mkuu wa shirika akamwambia mama yako, njoo kwetu miaka miwili. Tutakulipa sisi, zaidi kidogo ya unachopata, na nafasi yako ya serikali itakusubiri. Kulikuwa na utaratibu wake. Uliitwa kuazimwa. Serikali inakuazimisha kama jirani anavyoazimisha kinu, kikimaliza kazi kinarudi kwao. Miaka yako ya pensheni haikatiki. Kinachotakiwa ni fomu moja, isainiwe na kliniki, isainiwe na shirika, ifike makao ya idara mjini kabla mwezi haujaisha.

Mama yako hakuweza kwenda, alikuwa zamu mfululizo. Nikasema, "Dada, nipe mimi. Yule mkurugenzi wao ni mtu wangu."

Akanitazama. "Mtu wako tangu lini?"

"Tangu nilipompeleka mama yake hospitali. Ananiita ndugu."

Hakukuwa na mkurugenzi. Hakukuwa na mama yake. Ilikuwa sentensi tu, Nomvula, zile ninazozitoa kama mtu anavyokohoa. Lakini dada yangu alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka huamini. Akanipa bahasha na nakala yake pembeni. Akaniambia, "Fomu waachie. Nakala wakugongee muhuri wa kupokelewa, uniletee. Bila muhuri hujapeleka kitu."

Nilifika pale mjini saa tatu asubuhi. Mlangoni mlinzi ana daftari: andika jina, andika namba ya kitambulisho, onyesha kitabu. Nikasema nitampanga, nimewapanga wengi. Lakini kando ya mlinzi siku ile walisimama polisi wawili. Sijui walifuata nini. Labda walikuwa wakisubiri chai. Mimi niliona polisi wawili na daftari la kitambulisho, na miguu ikageuka yenyewe.

Nikazunguka jengo mara tatu. Mara ya tatu nikamkuta bwana mmoja kando ya kibanda anakula magwinya, yale maandazi ya huku, amevaa tai, tai ameitupa begani isipate mafuta. Nikamwamkia. Akaniuliza nina shida gani. Nikamwambia. Akasema, "Mimi niko pale juu, ghorofa ya tatu. Lete." Nikamnunulia soda. Nikampa bahasha, na kwa ujinga nikampa na nakala, nikamwambia aigonge muhuri, nitaipitia. Jina sikumwuliza. Niliona aibu kumwuliza mtu wa tai jina lake, nisije nikaonekana mshamba.

Nilipofika nyumbani mama yako alikuwa amekaa kitandani anavua viatu. "Vipi?"

"Imekwisha. Nimemkabidhi mkurugenzi mkononi mwake. Ana ofisi, dada, zulia linameza kiatu. Tumekunywa chai."

"Nakala yangu iko wapi?"

"Dada, mimi na yeye hatuombani mihuri."

Maneno hayo ndiyo nayasikia siku hizi nikiwa naendesha. Akacheka. Akanishukuru. Akanipikia pweza, sijui alimpata wapi katika mji huu usio na bahari.

Wiki iliyofuata nilirudi kwenye kile kibanda. Yule bwana hayupo. Nikarudi tena, na tena. Mwenye kibanda akaniambia watu wa tai hapa wako mia mbili, mzee. Ningeweza kusema wakati ule. Mwezi ulikuwa haujaisha! Mama yako angechukua fomu nyingine, angekwenda mwenyewe kwa saa moja, angeniona mjinga kwa wiki mbili, basi. Nikajiambia, labda amepeleka. Nikaanza kuamini kwamba amepeleka. Hiyo ndiyo hatari ya mtu kama mimi: hadithi nikiisimulia mara tatu, mara ya nne naisadiki mwenyewe.

Barua ya serikali ilikuja baada ya miezi, mama yako ameshahamia kazini kwa shirika. Wewe uliifungua, wewe ndiye uliyetusomea, una miaka kumi na sita, sauti yako ikipanda kila mstari. Sista Aisha haonekani kazini, hana ruhusa, amehesabiwa ametoroka, ameondolewa. Mama yako alivaa sare yake yote, na vibao mabegani, akasema twende. Nilimpeleka na lile gari la mkate. Tulipofika nikasema mimi nibaki garini, hapa wanavuta magari. Akapanda peke yake. Alishuka macho makavu. Akasema, "Wanasema haikufika. Wanasema kama nina nakala yenye muhuri tunamaliza leo leo. Au aliyeileta aende kituo cha polisi akaandike kiapo, amempa nani, siku gani. Wamenipa siku thelathini."

Kituo cha polisi, mwanangu. Mimi, bila karatasi, nitembee kwa miguu yangu mpaka kaunta ya polisi nikaape.

Nikasema, "Wameitupa hiyo fomu hawa. Serikali gani hii? Kesho nakwenda kuapa mchana kweupe." Kesho ikawa kesho kutwa. Nilikuwa na safari, gari lilikuwa na kasoro, kichwa kiliniuma. Siku ya kumi na nane mama yako aliacha kuniuliza. Mimi nikashukuru Mungu kwamba amesahau.

Hakusahau. Nitafika hapo.

Huku nyuma mimi ndiye niliyekuwa nikiitukana serikali kuliko mtu yeyote. Kwenye kila karamu, kila msiba, hapa Malvern na kule Yeoville, nilisimulia jinsi walivyoipoteza fomu ya dada yangu. Niliongeza panya. Nikasema waliikuta imetafunwa na panya, unakumbuka? Wewe ulipenda sana hao panya, uliwaandikia insha shuleni ukapata alama nzuri. Nilisaini ile insha kama mlezi.

Shirika nalo lilikaa miaka miwili na ushee. Kisha wafadhili wa ng'ambo wakabadili mawazo, wakasema sasa wanasaidia mambo ya maji. Hawakuwa watu wabaya. Walituma kadi. Wagonjwa wa Doornfontein hawakuweza kubadili mawazo, wao walibaki na ugonjwa ule ule. Ruzuku ya serikali peke yake haikuweza hata kuweka mafuta kwenye gari. Nesi mwingine aliyeazimwa angerudi kwenye nafasi yake. Yeye alikuwa na faili lililoandikwa mtoro, na kila alikoomba wakalifungua faili hilo. Miaka ya pensheni yake ilikatika pale.

Unajua anachofanya sasa, unamwona kila asubuhi. Fulana, kofia, kitambulisho cha kujitolea shingoni. Shirika jingine dogo limempa posho, na limempangia kazi wapi? Kliniki ile ile. Anawaosha wagonjwa chini ya maagizo ya wasichana aliowafundisha yeye kutafuta mshipa. Wao wanaona haya, wanamwita Sister mpaka leo. Serikali inapata mikono ya sista mzima kwa bei ya posho, na kila mtu anaita huruma.

Mwaka huu manesi walipogoma kudai mishahara, shirika lake liliwaomba wa kujitolea waingie wodini kuwageuza wagonjwa. Nilimpeleka. Getini walikuwa wanacheza na kuimba, na mmoja aliyekuwa naye zamu moja zamani akamzuia njia.

"Aisha, na wewe? Ukiingia unatuvunja. Wataona wagonjwa wanaoshwa bure, watatuongeza nini?"

Mama yako akamshika mkono, akamwambia polepole, "Nyinyi mna kazi ya kuigomea. Mimi sina."

Akapita. Yule mwanamke akaondoka njiani akilia. Mimi nikabaki kwenye usukani nikijua ni nani aliyeiandika sentensi ile mdomoni mwake.

Unaona mahali ulipo, Nomvula. Jumatatu unakwenda kuchagua kati ya karatasi mbili, na kwenye mizani yako umeweka jiwe ambalo nimelichonga mimi. Sikwambii chagua serikali. Nani atakwambia hivyo? Utafunga sambusa kama mama yako. Utakuta wodi ya wagonjwa arobaini na manesi wawili, na mwisho wa mwezi utahesabu mara mbili ukidhani wamekosea. Sikwambii pia uache shirika. Lilimwosha baba yako, na serikali haikumwosha. Wale wa fulana za njano walipanda ngazi ghorofa saba kule Doornfontein. Lakini uliza ruzuku yao inatoka wapi na inaisha lini, na uliza mkataba ukiisha wewe unarudi wapi. Kama kuna njia ya kuazimwa, iulize. Na kama ukiwakataa wale wa hospitali, wakatae kwa mshahara wao, au kwa zamu zao, au kwa sababu hupendi rangi ya kuta zao. Usiwakatae kwa fomu ambayo hawakuiona.

Nimeogopa kitu kingine pia, nikuambie. Nimeogopa kwamba umechukua unesi kwa ajili ya kisasi changu cha uongo, na siku ukijua, sare yenyewe itakuwasha. Sijui. Nakutazama unavyosoma vile vitabu vyako vizito umelala sakafuni miguu ukutani, nadhani unaipenda kazi. Lakini mimi nimekosea kuhusu watu ninaowapenda zaidi ya mara moja.

Leo asubuhi nilimwambia mama yako. Nilitaka kukuandikia wewe kwanza, nikaona huo utakuwa uhuni mwingine. Alikuwa anapiga pasi sare zako mpya.

Nikasema, "Dada, ile fomu haikufika."

"Fomu gani?"

"Ya kuazimwa."

Akaisimamisha pasi. "Ulimpa nani?"

"Sijui jina lake."

"Mkurugenzi?"

"Sikupanda hata ngazi, dada. Nilimpa mtu nje. Alikuwa amevaa tai."

"Tai," akasema. "Tai."

Akakaa kwenye kiti. Nilidhani atanirushia pasi, na wallahi nilitamani. Akasema, "Unajua kwa nini sikukushika koo kuhusu kile kiapo? Nilihesabu siku. Siku ya kumi na nane nilivaa kabisa nikupeleke mwenyewe kituoni. Kisha nikasema, watamshika, watamrudisha Tanga, na Nomvula hana baba, akimkosa na mjomba je? Nikavua. Miaka sita, Seif, najiambia kwamba kazi nimeipoteza kwa kumlinda ndugu yangu. Nilijivunia hilo. Kumbe ulikuwa unalindwa na uongo wako mwenyewe, na mimi niko nje nashika mlango."

Akachukua mkoba wake wa kazini. Mlangoni akasema, "Mwambie mtoto kabla hajaondoka. Na usimsimulie. Mwambie."

Amekwenda kliniki. Zamu yake inaisha saa kumi, na sijui akirudi ataniambia nini, au kama ataniambia kitu. Pasi niliizima mimi. Sare moja ilikuwa bado na kunyanzi, nimeipiga, mkono wa kushoto nimeuunguza kidogo, samahani.

Karatasi zangu za kuishi hapa ninazo sasa, tangu mwaka juzi. Kwa hiyo Jumatatu nakwenda kituo cha polisi kuandika kile kiapo: siku ile, kile kibanda, yule bwana, na kwamba mhusika hakutoroka kazini. Nimeuliza watu wanaojua, mmoja amesema faili la zamani linaweza kufunguliwa, mwingine amecheka. Pengine haitamrudishia mama yako hata siku moja ya pensheni. Nitakwenda. Sitaki ushukuru, na sitaki usubiri matokeo ndipo uamue lako.

Nilifikiria kuitia barua hii chini ya nguo zako, uisome ukiwa umeshafika mbali, mimi niko salama huku. Nimeona hapana. Nitaiweka juu ya kitanda chako, utaikuta ukiingia na nywele zako mpya. Soma mpaka mwisho. Neno likikushinda, liruke, maana yote ni ile ile: nilidanganya, mama yako akalipa.

Kisha njoo jikoni. Nitakuwa pale, sitawasha redio, sitatoka. Najua tulivyokulea, hata ukiwa na hasira utaanza na shikamoo. Leo usiniamkie, mwanangu. Vuta kiti, uliza. Nitajibu kifupi.

Mjomba wako,
Seif